Kutibu, kusubiri au kukabidhi: njia ipi kwa taka ipi ya maabara ya chuo?

Maabara ya chuo haifanani na kiwanda. Kiwanda hutoa taka ya aina moja kwa tani, kikajengewa mtambo mmoja wa kuishughulikia, mambo yakaisha. Chuo hutoa kidogo kidogo ya kila aina: mabaki ya titresheni ya mwaka wa kwanza, formalini ya zuolojia, klorofomu ya mwanafunzi wa uzamivu, zebaki ya kipimajoto kilichoanguka, sahani za bakteria, betri zilizovimba kutoka karakana ya umeme. Idara inayotafuta njia moja ya kumaliza yote hayo itaishia kugharamia kitu kinachofaa sehemu ndogo tu ya mzigo wake.

Njia zenyewe ni tatu. Unaweza kuitibu taka palepale maabara hadi isiwe hatari tena. Unaweza kuitunza na kusubiri. Au unaikabidhi kwa kampuni yenye leseni ya kuisafirisha na kuiteketeza. Kila njia ina watetezi wake. Wanakemia hupenda kutibu, kwa kuwa ndiyo kazi wanayoijua. Mabwana stoo husubiri hata wasipopanga kusubiri. Wahasibu hupenda kukabidhi mara moja kwa mwaka, ankara moja, faili likafungwa.

Kabla ya gharama na nafasi, mimi huuliza swali moja: je, hatari iliyomo ndani ya chupa inaweza kufa? Asidi hufa ikikutana na besi. Bakteria hufa kwa mvuke. Mionzi ya fosforasi-32 huisha yenyewe. Zebaki haifi, wala risasi, kadimiamu na kromiamu; utazibadilisha umbo, utazichanganya na maji, zitabaki zilezile mahali pengine. Halafu kuna vitu ambavyo hatari yake hukua kadiri unavyoviacha vikae. Ukishajua chupa yako iko kundi gani, nusu ya uamuzi imeshafanyika.

Sinki, tuimalize kwanza

Sinki haimo katika zile tatu, ila ndiyo inayotumika kuliko zote, hasa saa kumi na moja jioni wanafunzi wakitaka kuondoka. Vipo vinavyoruhusiwa kwenda huko: mmumunyo wa chumvi ya kawaida, sukari, bafa za fosfeti zilizo dhaifu, ikiwa wenye mfumo wa majitaka wanakubali. Vilivyobaki ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mitambo mingi ya kusafisha majitaka hutegemea bakteria wanaokula uchafu, na viyeyushi au metali nzito zikifika nyingi huwadhuru hao hao wanaofanya kazi.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni azidi ya sodiamu, unga mweupe unaotiwa kidogo kwenye vitendanishi vya biolojia ili visiote vijidudu. Kiasi ni kidogo, kwa hiyo kinaonekana hakina neno. Lakini ikipita mara kwa mara kwenye bomba la shaba au lenye risasi, hujenga azidi za metali hizo ndani ya bomba, na azidi hizo hulipuka kwa kugongwa. Atakayeigonga ni fundi bomba, miaka kadhaa baadaye, akiwa na spana mkononi na hana habari yoyote ya somo la biolojia.

Kutibu mezani

Faida yake iko wazi: taka haisafiri, haikai stoo, na anayeijua zaidi ndiye anayeimaliza. Kwa asidi na besi zisizo na metali nzito, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Lengo ni pH (kipimo cha uasidi) ya kati, tuseme 6 hadi 9, ndipo imwagwe kwa maji mengi.

Ugumu uko kwenye kiasi, na hapa inafaa kupiga hesabu badala ya kukisia. Chukua lita 1 ya asidi ya hidrokloriki iliyokolea, ile ya asilimia 37, yaani takriban moli 12. Kuizima kwa bikaboneti ya sodiamu unahitaji karibu kilo 1 nzima ya bikaboneti, na utatoa gesi ya kabonidioksidi karibu lita 290. Ndani ya ndoo ya lita 10 hilo ni povu linalopanda na kufurika likibeba asidi ambayo bado haijazimwa. Ukitumia hidroksidi ya sodiamu hakuna gesi, lakini joto linalotoka linatosha kuchemsha lita 1 ya maji na kubaki na ziada. Kwa hiyo asidi iliyokolea hupunguzwa makali kwanza, kwa kuimimina ndani ya maji mengi polepole, kamwe si maji ndani ya asidi. Kisha huzimwa kwa mafungu madogo, chini ya kabati la kuvuta moshi, ndoo ikiwa imekaa ndani ya maji baridi. Kwa mabaki ya titresheni ya moli 0.1 kwa lita kazi hii ni ya dakika chache. Kwa chupa nzima iliyokolea na kupitwa na muda, kukabidhi ni salama zaidi, na sioni ushujaa wowote katika kufanya vinginevyo.

Wengi hujidanganya kwa karatasi ya pH. Mchanganyiko wa dikromati, ambayo ni chumvi ya kromiamu, na asidi ya salfuriki, uliokuwa ukitumika sana kusafishia vyombo vya kioo, unaweza kuuzima hadi pH 7 ukaonekana umemalizika. Asidi imekufa kweli. Kromiamu iko palepale. Vivyo hivyo asidi iliyoyeyusha risasi au kadimiamu: pH haikuelezi chochote kuhusu metali. Hizo ni za kukabidhi, nukta.

Angalia pia sheria. Zipo nchi ambako kutibu taka bila kibali ni kosa, isipokuwa kuzima asidi na besi za kawaida. Njia safi ni kuandika hatua ya kuzima kama hatua ya mwisho ya jaribio lenyewe, ndani ya mwongozo wa mwanafunzi, ili kinachobaki mezani kisiitwe taka hatari tangu mwanzo.

Kuna kutibu kwingine kunakosahaulika, nako ni kukeneka upya, yaani kuchemsha kiyeyushi na kuupoza mvuke wake urudi kimiminika safi. Asetoni ya kusuuzia vyombo huchemka kwenye nyuzi 56 na inaweza kurudishwa ikatumika tena kwa msuuzo wa kwanza. Inalipa palipo na asetoni nyingi ya aina moja. Palipochanganyikana kila kitu, achana nayo. Na etha yoyote ile haikenekwi hadi chombo kikauke. Sababu yake inakuja hapo chini.

Otoklevu au tanuri?

Kwa taka za kibiolojia ushindani ni kati ya mvuke na moto. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, hufanya kazi kwenye nyuzi 121 chini ya shinikizo, na kwa sahani na mirija ya vijidudu vya kawaida inatosha kabisa, haitoi moshi, na chuo kinaweza kuiendesha chenyewe. Kasoro yake ni kwamba hudanganya kwa urahisi. Mfuko ukishindiliwa na kufungwa kamba kabisa, hewa hubaki ndani, mvuke haufiki katikati, na kipimo cha mashine kinaendelea kusoma 121 bila wasiwasi. Ule utepe unaobadilika rangi unathibitisha tu kwamba joto lilipita pale utepe ulipobandikwa. Kipimo cha kuaminika ni vijichupa vya spora za *Geobacillus stearothermophilus*, bakteria anayevumilia joto sana, vikiwekwa katikati ya mzigo: spora zikifa, na vingine vimekufa. Acha mdomo wa mfuko wazi kidogo, usijaze zaidi ya theluthi mbili, na mpe mvuke muda. Mizigo ya taka mara nyingi huhitaji dakika 60, wakati vyombo visafi huridhika na 15 au 20.

Usiweke ndani ya otoklevu kitu kilicholowekwa kwenye dawa ya klorini, formalini, fenoli au kiyeyushi. Mvuke hauui kemikali, unaipeperusha hadi usoni mwa anayefungua mlango. Chagua moja: ama klorini, ama mvuke.

Tanuri lina kazi zake ambazo otoklevu haiziwezi: mizoga, viungo, dawa za saratani zilizobaki, vitu vyenye kemikali na vijidudu kwa pamoja. Lakini tanuri linalostahili jina hilo lina vyumba viwili. Cha kwanza huunguza taka, cha pili huunguza moshi wa cha kwanza kwa nyuzi zisizopungua 850 kwa sekunde 2, na 1,100 kama taka ina klorini nyingi. Pipa la chuma nyuma ya jengo halifiki hapo. Plastiki ya PVC ikiungua kwa moto wa namna hiyo hutoa dayoksini, sumu ambayo haikuwemo kwenye taka ulipoanza. Kama chuo hakina tanuri la vyumba viwili, chagua otoklevu kwa inavyoviweza na ukabidhi vingine. Usijenge tanuri la bora liende.

Sindano na nyembe zina kanuni fupi isiyobadilika kwa njia yoyote: zinaingia kwenye kisanduku kigumu bila kurudishiwa kifuniko, na kisanduku hufungwa kikifika robo tatu.

Kusubiri: dawa kwa mmoja, sumu kwa mwingine

Hapa ndipo tofauti kati ya taka na taka ni kubwa kuliko popote.

Fosforasi-32 inayotumika kwenye tafiti za jeni ina nusu maisha, yaani muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ya siku 14.3. Ukiifungia nyuma ya kinga ya plastiki nene kwa nusu maisha 10, yaani siku 143 hivi, inabaki chini ya sehemu 1 kwa 1,000 ya mionzi ya mwanzo. Ayodini-125 hufika hapo kwa takriban siku 600. Kwa hizi, kusubiri ni njia bora kuliko zote: haina gharama zaidi ya kabati lenye kufuli, daftari na kipima mionzi. Kanuni za Marekani huruhusu kusubiri huku kwa vitu ambavyo nusu maisha yake haizidi siku 120. Muda ukifika, pima, na mionzi isipotofautiana na ile ya kawaida ya mazingira, futa au bandua alama ya mionzi kabla ya kutupa, ili mzoa taka asiikimbie au, kibaya zaidi, asizoee kuipuuza. Kaboni-14 nayo? Nusu maisha yake ni miaka 5,730. Hakuna kabati la kusubiri hilo, kabidhi.

Sasa hamia upande wa pili wa rafu. Etha ya diethili na tetrahidrofurani hunyonya oksijeni ya hewa na kujenga peroksaidi, ambazo hulipuka zikikolea, na ndiyo sababu ya kutokeneka hadi mwisho. Etha ya diisopropili ni mbaya zaidi, hujenga fuwele hata ikiwa imetulia kwenye rafu. Kanuni inayofuatwa kwingi ni kuitupa au kuipima ndani ya miezi 3 baada ya kufunguliwa, na zile mbili za kwanza ndani ya miezi 6 hadi 12. Bila tarehe ya kufunguliwa kwenye lebo, kanuni hiyo haina pa kushika. Ukiona fuwele shingoni mwa chupa au chini yake, usiifungue, usiitikise, usiihamishe uone. Funga chumba na uite wataalamu wa milipuko.

Jamaa yake ni asidi ya pikriki, inayojificha kwenye idara za biolojia na patholojia kwa sababu ni kiungo cha kihifadhi cha tishu kiitwacho Bouin. Ikiwa na maji asilimia 30 au zaidi ni tulivu. Ikikauka ni kilipuzi, na punje zilizokauka kwenye nyuzi za kifuniko zinatosha kuwashwa na msuguano wa kukizungusha.

Kusubiri kuna hatari nyingine isiyotokana na kemia ila na wingi. Tarehe 26 Desemba 2018 wanafunzi 3 walifariki katika mlipuko ndani ya maabara ya Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing, wakifanya jaribio la kutibu maji machafu ya dampo. Unga wa magnesiamu ulikuwa umehifadhiwa kwa kiasi ambacho chumba cha utafiti hakikustahili kuwa nacho. Kila wiki unayoruhusu mzigo uendelee kukua, unabadilisha ajali ndogo kuwa kubwa.

Kukabidhi

Ndiyo njia ya gharama ya juu, na kwa metali nzito, viyeyushi visivyoweza kukenekwa upya, dawa za kuulia wadudu na mafuta ya transfoma za zamani ndiyo pekee. Watu hudhani kukabidhi ni kuacha kufikiri. Ukweli ni kwamba gharama na usalama wake huamuliwa na ulichofanya wewe kabla gari halijafika.

Cha kwanza ni kutenganisha. Viyeyushi vyenye klorini, kama klorofomu na dikloromethani, vikae mbali na visivyo nayo, kama ethanoli, asetoni na heksani. Sababu moja ni ya fedha: visivyo na klorini vinaweza kutumika kama mafuta ya tanuri, vyenye klorini hudai moto mkali na kusafisha gesi ya asidi, kwa hiyo vijiko vichache vya klorofomu vinapandisha daraja dumu zima. Sababu ya pili ni ya uhai: klorofomu na asetoni zikikutana palipo na besi kali hupandisha joto kwa kasi na zinaweza kulipuka.

Cha pili, na hiki ndicho kinachovunja chupa nyingi za taka, ni asidi ya nitriki. Mtu anasafisha chombo kwa nitriki, anamimina kwenye chupa iliyoandikwa "taka" yenye mabaki ya ethanoli, anakaza kifuniko. Hakuna kinachotokea mbele yake. Mmenyuko huanza polepole, gesi hujikusanya, na chupa hupasuka saa kadhaa baadaye. Chupa ya nitriki iwe ya nitriki peke yake. Kwa taka yoyote inayoweza kutoa gesi tumia kifuniko chenye tundu la kupumulia.

Kuhusu chombo chenyewe: kioo hustahimili karibu kila kitu isipokuwa asidi ya hidrofloriki, inayokila, lakini kioo huanguka. Plastiki ngumu ya polithini haivunjiki na inafaa asidi nyingi, ikiwemo hidrofloriki, ila viyeyushi vya klorini huilainisha taratibu. Madumu ya chuma ni ya viyeyushi vikavu, asidi huyatoboa. Kwa taka ya kila siku mimi huchagua plastiki, na kioo kwa viyeyushi vya klorini. Vyovyote viwavyo, acha nafasi ya asilimia 10 juu, na weka chini yake beseni linaloweza kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote.

Lebo iandikwe siku tone la kwanza linapoingia, kwa majina kamili. "Taka ya Dkt. wetu" haimsaidii mtu. Chupa isiyojulikana ndiyo ghali kuliko zote, kwani lazima ipimwe kwanza ijulikane ni nini kabla ya yeyote kukubali kuibeba.

Ukilinganisha wazabuni, acha kwanza bei na uulize taka inaishia wapi. Anayeweza kukuonyesha leseni ya kituo cha mwisho na kukurudishia hati iliyosainiwa huko, huyo ana bei ya kuzungumzwa. Anayesema "sisi tutajua" anakuuzia sinki ya magurudumu. Taka ikivuka mpaka wa nchi, Mkataba wa Basel, ulioanza kutumika 1992, unataka nchi inayopokea iwe imeridhia kwa maandishi, na kwa Afrika Mkataba wa Bamako unakataza kabisa kuingiza taka hatari barani.

Glavu, kwa kifupi

Njia yoyote utakayochagua, mkono wako utaigusa. Glavu nyembamba ya nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa, inafaa kwa vijidudu, asidi dhaifu na mafuta, lakini asetoni na dikloromethani huipenya upesi sana. Lateksi huvumilia asetoni kidogo zaidi na hushindwa na viyeyushi vingine vingi. Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu ya lateksi. Majaribio ya baadaye yalionyesha kimiminika hicho huipenya glavu ya aina hiyo kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Alifariki Juni 1997. Kwa vitu vya daraja hilo huvaliwa glavu ya tabaka za plastiki ndani, na nyingine nzito juu yake. Kwa kazi nyingine, nitrili inayobadilishwa mara tu inapodondokewa inashinda glavu nene inayovaliwa mwezi mzima.

Chupa kubwa au ndogo?

Muuzaji atakuonyesha kwamba lita 2.5 ni nafuu kwa kila mililita kuliko mililita 500. Ni kweli siku ya kununua. Kwa asetoni au ethanoli inayoisha kila muhula, nunua kubwa. Kwa etha, asidi ya pikriki, chumvi za zebaki na chochote utakachotumia kijiko kimoja kwa mwaka, nunua ndogo, au azima kwa idara jirani, kwa sababu kilichobaki utakilipia mara ya pili kukiondoa. Vipimajoto vya zebaki huhitaji hata mjadala mfupi zaidi: vya pombe au vya elektroniki vinatosha kwa karibu kila somo la shahada ya kwanza. Vilivyopo vikusanywe vikiwa vizima, kabla havijaanguka. Kikivunjika, usitumie kifyonza vumbi wala ufagio, vyote viwili husambaza. Matone hukusanywa kwa kadi ngumu na bomba la kudondoshea, yakatiwa kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, yakaandikwa "zebaki" na tarehe, kisha chupa hiyo ikaingia kwenye beseni la vitu vya kukabidhi.